Babu Yumo Katika Karatasi za Wengine: Hotuba kwa Wanaotafuta Koo Zao, Tabora

Wazee wetu, mama zetu, vijana, na ninyi mliopanda treni kutoka Kigoma: mwangaluka, na shikamooni nyote mnaostahili shikamoo.

Tumeitwa tueleze jinsi ya kumfuatilia mzee wa ukoo aliyeishi karne ya kumi na tisa, mtu ambaye hakuna aliye hai leo aliyemwona kwa macho. Kazi hii inawezekana. Inawezekana hata kwa ukoo ambao zamani hakuna aliyejua kuandika, na hata kwa mtu aliyeingia Unyanyembe, yaani huku Tabora, au Ujiji akiwa mtoto, bila baba wala mama. Lakini wengi huianza kinyumenyume. Wanashika jina moja, tuseme Mabruki, wanakwenda nalo ofisi ya nyaraka Dar es Salaam au wanalitafuta kwenye intaneti, kisha wanarudi mikono mitupu na kusema wazee wetu hawakuandikwa. Waliandikwa. Ila hawakuandikwa kwa ajili yao, wala kwa ajili yetu.

Fikirini nani alikuwa na kalamu huku bara siku hizo. Mfanyabiashara wa Kiarabu au wa Kiswahili aliandika madeni, nguo alizokopesha na pembe alizoteremsha pwani. Msafiri wa Ulaya aliandika nani anamdai mshahara na nani katoroka na mzigo. Padre aliandika nani kabatizwa. Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kijerumani, aliandika kodi, kesi na hati za uhuru. Kila mmoja aliandika haja yake mwenyewe, na babu yako hutokea pale tu maisha yake yalipogusana na haja hiyo. Kwa hiyo jina si swali la kwanza. La kwanza ni hili: aliishi wapi, chini ya nani, na alisafiri na nani? Ukimpata huyo "nani", umezipata karatasi.

Kabla ya karatasi, pigeni hesabu. Kizazi kimoja kikadirieni miaka 25 hadi 30. Mtu aliyezaliwa 1950, baba yake awe wa 1922 hivi, babu yake wa 1894, baba wa babu wa 1866. Huyu wa 1866 alikuwa mtoto wa miaka mitano Mirambo, mtemi wa Urambo, alipoushambulia mji huu Agosti 1871, na kijana wa miaka 27 Mtemi Isike alipojilipua kwa baruti ndani ya ngome yake Januari 1893 ili asikamatwe na Wajerumani. Sasa ukisimuliwa kwamba mtu huyu alimbebea Livingstone mzigo kutoka Kwihara, hesabu inakataa, maana Livingstone aliondoka Kwihara Agosti 1872. Huenda aliyebeba ni baba yake. Huenda ni ndugu wa baba yake. Msimkatalie mzee aliyesimulia. Andikeni alivyosema, na pembeni andikeni hesabu. Tena acheni nafasi: mzee mwenye wake wengi aliweza kupata kitinda mimba akiwa na miaka sitini, na hapo kizazi kimoja kinameza miaka ya viwili.

Kosa linalowaangusha watu wengi kuliko yote ni kuunganisha watu wawili wakawa mmoja. Mjukuu hupewa jina la babu yake. Baada ya vizazi vinne, babu na mjukuu wake wamekuwa mtu mmoja aliyewaona wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani hapa Tabora, Novemba 1857 na bado akawaona Wabelgiji wakiuteka mji Septemba 1916. Mkiona maisha marefu namna hiyo, tafuteni mshono katikati: wake wa awali ni wapi, watoto wa awali ni akina nani, na ni mwaka gani mahali pa kuishi palibadilika. Mara nyingi mshono uko hapo. Jambo la pili ni maneno ya udugu. Mzee akisema "baba", anaweza kuwa baba mzazi, baba mkubwa au baba mdogo. Akisema "babu", anaweza kuruka vizazi vitatu kwa neno moja. Muulizeni: ni tumbo moja? Baba aliyemzaa, au nduguye? Na msifuate upande wa kiume peke yake. Kwa Wanyamwezi wa zamani mtoto ambaye mama yake hakulipiwa mahari alihesabiwa upande wa mama, na katika himaya kadhaa utemi wenyewe ulirithiwa na mtoto wa dada. Aliyepotea upande wa baba hupatikana akikaa kwa wajomba zake.

Majina nayo yana msaada wake. Kulwa na Doto hayakuambii ukoo, yanakuambia pacha. Ukimkuta Kulwa katika daftari, rudi umtafute Doto wake, na utazame aliyezaliwa baada yao, ambaye huku huitwa Kashindye na kwa Wasukuma Shija. Watoto watatu wenye majina hayo kijiji kimoja, miaka inayokaribiana, mara nyingi ni wa nyumba moja.

Mnapokwenda kwa wazee, nendeni kwa mmoja mmoja. Wakikaa wanne, mkubwa atasema na wengine watamwitikia, na mtarudi na simulizi moja badala ya nne. Mkono mtupu haulambwi: sukari na majani ya chai vinatosha, na msigeuze mazungumzo kuwa mahojiano ya polisi. Msiulize mwaka. Ulizeni njia: alivukia wapi ziwa, alifikia nyumba ya nani, alipewa shamba na mwanangwa gani, yaani mkuu wa kijiji, alizikwa wapi, nani alimrithi. Kwa Ujiji ulizeni pia ardhi ilitolewa na mteko gani, yaani mgawa ardhi wa huko. Bibi zetu waulizwe peke yao, chumbani au jikoni, kwa sababu wao ndio wanaojua nani alinyonyeshwa na nani na nani alikuja na mama yake akiwa mgongoni. Rekodini kwa simu mkishaomba ruhusa, na faili lipewe jina la mzee na tarehe siku hiyo hiyo, kabla halijazama katikati ya nyimbo na picha. Katika daftari pigeni mstari katikati ya ukurasa: kushoto maneno ya mzee kama alivyoyatamka, kulia mawazo yenu. Msiyachanganye kamwe. Miaka kumi baadaye hakuna atakayekumbuka lipi lilikuwa lipi.

Mzee asiyejua mwaka anajua tukio, na matukio mengi ya kwetu yana mwaka. Ndugu wa Ujiji wanalo kubwa: ziwa. Maji ya Tanganyika yalipanda hadi kilele karibu 1878, kisha mto Lukuga ulipofunguka upande wa magharibi yakashuka miaka mfululizo na ufuko ukasogea. Mzee akisema baba wa babu yake alijenga mahali ambapo "zamani palikuwa maji", huyo alijenga baada ya 1878. Mirambo na Nyungu ya Mawe, mtawala wa vita wa Ukimbu, walikufa wote wawili mwishoni mwa 1884, na watu walioishi kwa vita yao walitawanyika kipindi hicho. Sotoka iliua ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, na funza aliyetokea upande wa Kongo alienea huku miaka hiyo hiyo. Bendera ya Wajerumani ilipandishwa Tabora 1890. Kodi ya nyumba ya rupia 3 ilitangazwa 1897 ikaanza kutozwa 1898, ingawa bara ilifika polepole. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kila jambo katika maisha ya mzee wako liwekwe kati ya matukio mawili, moja la kabla na moja la baada. Mkipata tofauti ya miaka mitano mmefanya vizuri sana.

Sasa karatasi, na nianze na wapagazi, maana nusu ya waliomo humu wana mpagazi katika ukoo. Mpagazi wa Unyanyembe alibeba frasila mbili, kama kilo 32, mbali na kitanda chake, chungu na posho. Misafara ya Wazungu iliyoanzia Unguja iliandikisha watu wake kwa majina, na mikataba mingi ilipitia kwa balozi wa Uingereza. Sehemu ya karatasi za ubalozi huo imo Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani. Karatasi za Stanley ziko katika jumba la makumbusho ya Afrika la Tervuren, Ubelgiji. Shajara na barua za Livingstone zimewekwa kwenye intaneti na husomwa bure. Kwa waliouchukua mwili wake kutoka kijiji cha Chitambo alikofia, wakapita hapa Unyanyembe mwaka 1873 wakiwa njiani kwenda Bagamoyo, Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilitengeneza nishani 60 za fedha, na jina la mwenye nishani lilichorwa ukingoni.

Lakini angalieni jambo hili. Wangwana, yaani watu wa pwani waliojiita huru, waliandikwa mmoja mmoja. Wanyamwezi walioajiriwa hapa Tabora mara nyingi hawakuandikwa hivyo. Aliandikwa mnyapara wao, idadi ya mizigo, na nguo walizolipwa: doti kadhaa za merikani, doti kadhaa za kaniki, doti moja ikiwa mikono 8. Kwa hiyo mwenye babu Mnyamwezi asimtafute babu. Amtafute mnyapara aliyetoka kijiji kile kile. Mwenye babu mngwana naye ajiandae kwa fujo ya majina. Orodha moja inaweza kuwa na Mabruki watatu, Uledi wanne, Feruzi wawili. Mtenganishe wako kwa mambo matatu kwa pamoja: cheo chake, yaani kirangozi aliyeongoza njia, mnyapara, askari au mpagazi, mahali alipoandikishwa, na majina mawili ya juu na mawili ya chini yake katika orodha, maana rafiki na ndugu walijiandikisha pamoja, na msafara unaofuata mtawakuta tena pamoja. Jambo moja likilingana si ushahidi. Yote matatu yakilingana, endeleeni. Angalieni pia safu ya mwisho: "alikufa" au "alitoroka". Aliyetoroka Tabora mwaka 1871 huenda ndiye aliyeoa Tabora.

Kwa misheni, mambo ni mazuri zaidi. Wamisionari wa Afrika, hao White Fathers, walifika Tabora 1878 na Ujiji Januari 1879, kisha wakawa na kituo cha watoto Kipalapala miaka ya 1880, na Karema wakaipokea 1885. London Missionary Society, misheni ya Kiprotestanti ya Uingereza, walifika Ujiji 1878 na Urambo 1879, na Wamoravian wakaichukua Urambo 1898. Karatasi za London Missionary Society ziko maktaba ya chuo cha SOAS, London. Za Wamoravian ziko Herrnhut, Ujerumani. Za White Fathers ziko Roma, pamoja na shajara ambazo kila kituo kiliandika. Vitabu vya ubatizo anzeni kuvitafuta parokiani na jimboni kabla ya kufikiria Roma.

Tuchukue mstari mmoja wa kitabu cha ubatizo, wa kutunga, ili muone unavyosomwa. Kuna nambari, tarehe, jina la ubatizo "Josephus", jina la nyumbani "Kachindié", umri "miaka 12 hivi", wazazi "hawajulikani", kabila "Manyema", msimamizi "Adrianus", kisha neno la Kifaransa "racheté". Kila neno lina kazi. Tarehe ni ya ubatizo, si ya kuzaliwa, na mapadre hawa walimweka mtu katika mafundisho hadi miaka minne, isipokuwa aliye hatarini kufa. Kwa hiyo mtoto huyu huenda alifika kituoni miaka kadhaa nyuma. Umri ni wa kukisia kwa macho. "Racheté" maana yake alikombolewa kwa kununuliwa, na manunuzi hayo huenda yametajwa katika shajara ya kituo. Msimamizi ni mtu wa kumfuatilia, maana mara nyingi ndiye aliyeishi naye. Tazameni na pembeni ya ukurasa: huko padre aliongeza baadaye ndoa, parokia aliyohamia, au msalaba mdogo wa kifo. Anayepiga picha katikati ya ukurasa tu na kuacha pembeni ameacha nusu ya maisha ya mtu. Pigeni ukurasa mzima, na jalada la kitabu pia.

"Manyema" lisiwahadae. Ujiji na Tabora jina hilo lilibebeshwa watu wengi waliovuka kutoka magharibi ya ziwa: Wakusu, Wagoma, Wabwari, Wabembe na wengineo. Ni jina la njia kuliko jina la kabila. Ulizeni nyumbani walitambika vipi na salamu zao zilikuwaje. Hapo ndipo kabila lenyewe hujitokeza.

Kuna wenye karatasi za Kiarabu sandukuni. Msizipeleke kupakwa plastiki kwa moto, msizibandike gundi ya karatasi, msizikunjue kwa nguvu. Zipigeni picha karibu na dirisha bila mwanga wa simu, rula ikiwa pembeni, mbele na nyuma, kisha zikae ndani ya bahasha safi mahali pa juu, mbali na mchwa. Nyingi kati ya hizo ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo hazitofautishi o na u, wala e na i. P huandikwa kama b, na ng huandikwa kwa ghaini. Songoro anaweza kusomwa Sunguru na mtaalamu wa Kiarabu asiyejua majina yetu. Kwa hiyo mkae naye, mmsomee majina ya ukoo, yeye aangalie herufi. Mtazame mwisho wa waraka: mwandishi hujitaja kwa mkono wake, na mashahidi hutajwa. Babu yenu huenda si mwenye deni wala mwenye mali. Ni shahidi wa tatu.

Tarehe zake ni za Hijria. Gawanyeni mwaka kwa 33, toeni jibu katika mwaka wenyewe, ongezeni 622. Mwaka 1304: ukigawanya unapata 39 na nusu, ukitoa inabaki 1264 na nusu, ukiongeza 622 unafika katikati ya 1886. Hiyo ni makadirio. Tarehe kamili tafuteni kwenye jedwali, na tarehe 4 Safar 1304 itawapa mwanzoni mwa Novemba 1886, siku moja mbele au nyuma kwa sababu ya mwandamo. Kumbukeni Safar ndiyo mfunguo tano, maana mfunguo mosi ni Shawwal. Na usiku huanza magharibi: "usiku wa Ijumaa" ni Alhamisi jioni.

Za Wajerumani ziko sehemu mbili. Zilizobaki nchini ziko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Nendeni na kitambulisho na barua ya utambulisho, na mwulize masharti kwanza kabla ya kulipa nauli. Zilizopelekwa wizarani kwao ziko Berlin-Lichterfelde, fungu R 1001, na mafaili mengi ya fungu hilo yanasomeka kwenye intaneti. Hapo majina yetu yamevaa nguo nyingine: Unyanyembe ni Unjanjembe, Ujiji ni Udjidji au Udschidschi, Chausiku ni Tschausiku, Zaituni ni Saituni, Kashindye ni Kaschindje. Kifaransa kina Oudjidji na Ounyanyembé. Andikeni jina la mtu wenu kwa namna zote mnazoweza kabla ya kuanza, mkibadilisha pia l na r. Mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa wakati ule una e inayofanana na n. Anayeujua alfabeti yake huzoea kwa majuma machache, na asiyejua atasoma jina ambalo halikuwapo. Msisahau Vitabu vya Wilaya vya Waingereza, vyenye nasaba za watemi na wanangwa. Huko kodi na mipaka vilisababisha wazee wahojiwe, na wengine walizaliwa karne ya kumi na tisa.

Nimeacha utumwa hadi hapa kwa makusudi, kwa sababu ndipo utafiti mwingi hukwama. Mzee hatasema "alikuwa mtumwa". Atasema "aliletwa akiwa mdogo", au "alikuwa mtu wa nyumba ya fulani", au "alikuwa mzalia", yaani aliyezaliwa utumwani. Sikieni maneno hayo na msilazimishe mengine. Yaandikeni yalivyo. Kisha mtafuteni fulani huyo: nyumba yake, misafara yake, deni lake, mirathi yake. Jueni pia kwamba "wa" na "bin" katika majina ya watu hao si lazima iwe damu. Feruzi wa Salim anaweza kuwa mtoto wa Salim, na anaweza kuwa mtu aliyeachwa huru na Salim akabaki na jina la nyumba. Msichore mti wa ukoo unaopanda hadi Oman kwa neno moja hilo.

Serikali ya Wajerumani ilitoa hati za uhuru. Agizo la 1901 lilimruhusu mtumwa kujikomboa kwa bei iliyowekwa, na watoto waliozaliwa kuanzia 1906 walihesabiwa huru. Waingereza wakafuta utumwa kabisa mwaka 1922. Hati ya uhuru ikiwa nyumbani kwenu, ni karatasi ya thamani kuliko hati ya shamba, maana huenda mle peke yake mmeandikwa jina la bibi yenu, kwao, na aliyekuwa akimmiliki. Wanawake karatasi za misafara ziliwaacha nje. Hati hizi na vitabu vya ubatizo viliwaingiza. Na habari ikiwahusu watu wa nyumba mbili, yaani waliomiliki na waliomilikiwa, ambao leo wanaozeshana na kuzikana, isomwe kwanza kwa wazee wa pande zote mbili kabla ya kusambazwa kwenye makundi ya simu. Mjukuu mmoja mwenye haraka anaweza kufunga milango kumi.

Mchana huu tutafanya kazi kwa mikono. Wenye karatasi za Kiarabu wakae upande wa dirishani pamoja na masheikh waliokubali kutusaidia kusoma. Wenye habari za misheni wakae katikati. Wasio na karatasi yoyote waje mbele huku, na kila mmoja achukue ukurasa mmoja, aupige mstari katikati, aandike juu yake jina moja tu la mtu wa ukoo, mahali alipokufa, na jina la mtu ambaye aliishi chini yake.